Sikio Hutangulia Jina: Mapigo, Mizani na Majina ya Tanzu Katika Bonde la Ufa

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi huzoezwa kutaja jina kabla ya kusikiliza. Akipewa shairi, huhesabu mishororo, huandika tarbia au takhmisa, na mara nyingi kazi huishia hapo. Wapenzi wa muziki nao wana mazoea hayohayo: hubishana iwapo wimbo fulani ni benga, roki au metali ilhali hawajauliza mapigo yake yamepangwaje. Makala haya yanajadili uhusiano baina ya jina la utanzu na ujuzi upatikanao kwa kusikiliza. Mifano miwili inatumika: nyimbo za Chemirocha za Wakipsigis na upigaji ngoma wa metali ya progresivu. Hoja ya msingi ni kwamba sikio halipokei tu, bali pia hufasiri. Anayedharau ujuzi wa sikio hudharau usomi kamili.

Chemirocha: jina lililozaliwa upya

Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji wa Marekani aliyeishi kati ya 1897 na 1933. Santuri zake zilivuka bahari hadi Bonde la Ufa, eneo ambalo makao yake makuu ya utawala yalikuwa Nakuru. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika Kaunti ya Kericho ya leo, akarekodi nyimbo zilizoitwa Chemirocha. Tracey aliziorodhesha kwa nambari: I, II na III. Wimbo wa tatu, ulioongozwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ndio uliovuma zaidi. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, mhusika wa wimbo huo ni kiumbe nusu mtu, nusu paa.

Tukio hili lina mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, jina la mgeni halikubebwa kama lilivyo. Silabi nne za “Jimmie Rodgers” zilibaki nne, Che-mi-ro-cha, lakini zilivikwa sauti za Kikipsigis. Silabi ya kwanza inalifananisha na majina ya Kikalenjin kama Chemutai na Chebet. Pili, muziki wenyewe haukuwa nakala ya gitaa la Marekani. Waliousikia waliingiza walichokisikia katika mahadhi waliyokuwa nayo. Hawakuwa na maandishi ya noti wala mwalimu wa mtindo huo, na hakuna aliyewapa jina la utanzu. Walikuwa na santuri na masikio.

Hata hivyo, orodha ina nguvu zake. Nambari tatu chini ya jina moja humfanya msomaji adhani nyimbo hizo ni sura tatu za kitu kimoja. Aidha, wengi waliousifu wimbo wa tatu waliutaja kuwa wa “wasichana wa Kipsigis”, na jina la kiongozi wao likasahaulika. Nakala za rekodi zilipoanza kurudishwa kwa jamii katika miaka ya 2010, zilizorudi hazikuwa sauti tu. Ilirudi pia nafasi ya kuuliza nani aliimba.

Mapigo ya metali na mizani ya ushairi

Metali ya progresivu hudhaniwa kuwa kelele na wasioisikiliza. Kinachoitambulisha, miongoni mwa mambo mengine, ni hesabu ya mapigo isiyo ya kawaida. Nyimbo nyingi za dansi hujengwa kwa mapigo manne. Wapigaji wa mkondo huu hutumia matano, saba au tisa, tena wakibadilisha katikati ya wimbo. Mfano mashuhuri ni “Lateralus” wa kikundi cha Tool cha Marekani, uliotoka mwaka 2001. Katika kiitikio, mapigo hufuatana kwa mafungu ya 9, 8 na 7. Katika beti, idadi ya silabi hupanda 1, 1, 2, 3, 5, 8, kisha hushuka. Msomi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi: hiyo ni mizani.

Kijana anayejifunza ngoma kwa sikio anaweza kuyashika mafungu hayo kwa silabi za miji aijuayo. Na-i-va-sha ni silabi nne, Na-ku-ru tatu, Njo-ro mbili. “Naivasha, Nakuru, Njoro” ni tisa. “Naivasha, Naivasha” ni nane. “Naivasha, Nakuru” ni saba. Akiyatamka kwa kasi moja huku akipiga, hesabu ya 9, 8 na 7 imekamilika bila noti hata moja.

Hatua ngumu zaidi husikika kwa wapigaji kama Tomas Haake wa kikundi cha Meshuggah cha Uswidi. Mkono hushikilia mapigo manne kwenye tuazi, nayo miguu hurudia ruwaza ya urefu mwingine kwenye ngoma kubwa. Ruwaza ikiwa ya saba, mkono na miguu huanza pamoja, huachana, na hukutana tena baada ya mapigo 28, yaani saba mara nne. Asiyejua husikia vurugu. Waama, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Jina linapochelewa

Mwaka 2020, kikundi cha Duma cha Kenya kilitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Waandishi walihangaika: wengine waliuita muziki huo metali, wengine wa elektroniki. Hata jina la kikundi lina mitego: Mswahili humwona mnyama mwenye mbio, ilhali wenyewe wamelieleza kwa maana ya giza katika Kikuyu. Muziki ulikuwa umekwisha kusikika kabla ya mabishano hayo kuanza.

Hitimisho

Haipendekezwi hapa kwamba majina ya tanzu yatupwe. Bila tarbia na takhmisa, mjadala wa ushairi ungekosa lugha. Kinachopendekezwa ni kubadili utaratibu: shairi lisomwe kwa sauti kabla ya bahari yake kutajwa, na wimbo usikilizwe kabla ya kuwekwa kwenye orodha. Aidha, Kiswahili kina istilahi za kutosha kuanzia kazi hiyo: mizani, mapigo, mahadhi, ruwaza. Mpigaji ngoma wa Nakuru asiyesoma noti lakini anayeshika saba juu ya nne asiitwe asiyesoma. Amesoma kwa sikio, kama walivyosoma wasichana wa Kapkatet, na wajibu wa mhakiki ni kueleza alichokisoma.