Beberu wa Kuazima

Nina mbuzi jike saba na sina beberu. Huku Mgeta, milimani Uluguru, si ajabu. Beberu anakula bila kutoa hata kikombe cha maziwa, ananuka hadi chumbani, na ukikaa naye sana atapanda binti zake mwenyewe. Kwa hiyo tunaazimana.

Shida ni kwamba mbuzi hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe ni la siku moja au mbili. Huko Norwei, walikotoka mbuzi wa maziwa walioletwa Mgeta miaka ya 1980, mchana ukianza kufupika majike hupata joto msimu mmoja. Kwetu mchana haubadiliki sana, kila jike ana tarehe yake. Nani ataniazima beberu miezi miwili?

Ndipo afisa mifugo akanieleza habari za sindano. Yai likishatoka, kwenye ovari hubaki kivimbe cha manjano kinachotengeneza projesteroni, homoni inayozuia joto lisirudi. Sindano ya prostaglandini huvunja kivimbe hicho, na baada ya siku mbili tatu jike anaanza kutikisa mkia na kulia ovyo. Lakini kivimbe kikiwa bado kichanga, au hakipo, dawa haina cha kuvunja. Ndiyo maana huchomwa mara mbili, siku 11 zikipita katikati: aliyekosa ya kwanza anaikuta ya pili. Ipo pia njia ya sponji yenye homoni ya jamii ya projesteroni, inayowekwa ukeni kwa siku kadhaa kisha kuvutwa. Wafaransa huitumia sana wanapopandikiza mbegu kwa mrija.

Aliniuliza mara tatu kama kuna mwenye mimba. Nikaapa hakuna. Sikuwa na habari kwamba beberu wa kienyeji wa jirani alikuwa amekata kamba siku moja nikiwa shambani. Mbuzi wangu aitwaye Sikujua (jina nilimpa kabla, msinicheke) akatupa mimba siku chache baada ya sindano ya kwanza. Kondoo mimba ikishakua, kondo la nyuma hutengeneza projesteroni ya kutosha. Mbuzi hutegemea kile kivimbe mpaka siku ya kuzaa. Ukikivunja, mimba nayo imekwenda. Dawa hiyo hupenya hata ngozi ya mtu, ndiyo maana binti yangu mjamzito alifukuzwa bandani.

Wakabaki sita. Beberu akaletwa siku ya pili baada ya sindano ya mwisho, na kufikia kesho yake watano walikuwa kwenye joto kwa pamoja. Wa sita, aliyekonda, hakuonyesha lolote. Asubuhi beberu alifanya kazi kama bwana harusi. Jioni alilala anacheua, majike wawili wakimzunguka bure. Beberu anayetosha majike 25 wanaokuja mmoja mmoja hatoshi kazi ya siku moja namna hii.

Wawili hao walirudi kwenye joto wiki tatu baadaye, mwenyewe kashamchukua beberu wake. Watatu walizaa baada ya miezi mitano, ndani ya siku nne, nikalala bandani usiku wote huo.

Safari hii nimeomba mabeberu wawili. Mwenye wa pili hataki hela, anataka mtoto jike. Bado tunabishana.