Sadfa za Safarini: Mume na Mke Wazichukulieje?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake.

Ndugu Waislamu, tuchukue mfano. Mume na mke wamefika bandarini Mkoani, wanakwenda Unguja kwa matibabu ya mke. Wakati wa kupanda meli, ukanda wa kiatu cha mke unakatika. Mara simu ya mume inaanguka na kioo kinavunjika. Mume anasema: "Tumeshaonyeshwa. Safari hii ina nuksi, turudi." Mke ananyamaza, lakini miadi ya daktari ndiyo inapotea. Je, dini inasemaje?

Dalili kama hii wazee wetu huiita ndege mbaya. Waarabu wa zama za ujahili nao waliiita tiyara, neno litokanalo na ndege. Msafiri alikuwa akimtimua ndege: akiruka kulia, huendelea na safari, akiruka kushoto, hurudi nyumbani. Mtume (S.A.W.) aliikataza itikadi hiyo, na katika Hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) iliyomo kwa Abu Daud na Tirmidhi ameihesabu kuwa ni shirki, kwa sababu moyo unaegemea kitu kisichodhuru wala kunufaisha.

Je, aliyeingiwa na wasiwasi tu ameshapata dhambi? Hapana. Katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa hilo ni jambo ambalo watu hulihisi vifuani mwao, basi lisiwazuie na shughuli zao. Kosa ni kuitii hisia hiyo.

Ama bishara njema, hiyo inaruhusiwa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipenda neno zuri. Siku ya Hudaibiya alipokuja Suhayl bin Amr, ambaye jina lake linatokana na wepesi, alitaraji kuwa mambo yatakuwa mepesi. Kwa hivyo, mkikutana melini na jirani wa zamani akakukaribisheni kwake, furahini na mshukuru. Lakini msiifanye sadfa kuwa hoja ya kununua kiwanja au kuhama mji. Kwa maamuzi tumepewa istikhara na kushauriana.

Tena tukumbuke safari ya Mtume (S.A.W.) na Bibi Aisha (R.A.), iliyopokelewa na Bukhari na Muslim. Kidani chake kilipotea njiani, msafara mzima ukasimama kukitafuta mahali pasipo na maji. Watu wakalalamika, na baba yake, Abubakar (R.A.), akamkaripia. Asubuhi ikateremka Aya ya kutayamamu, rehma kwa umma wote mpaka leo. Ngamia aliponyanyuliwa, kidani kikaonekana chini yake. Lau mtu angehukumu usiku ule, angesema mke huyu kaleta kisirani. Usayd bin Hudhayr (R.A.) aliliona jambo lile kuwa ni baraka nyengine ya nyumba ya Abubakar.

Lakini wao walijua hekima yake kwa wahyi. Sisi hatuna wahyi. Huenda tukaijua hekima ya lililotupata baada ya miaka, na huenda tusiijue kabisa duniani. Tulichoamrishwa ni kusubiri penye dhiki, kushukuru penye neema, na kutomtwika mwenzako lawama ya jambo ambalo Allah amelikadiria.

Hii haina maana kwamba msafiri asirudi kabisa. Nahodha akisema bahari imechafuka, kurudi ni kushika sababu. Umar (R.A.) alirudi njiani kuelekea Sham baada ya kupata habari za tauni na kushauriana na Swahaba, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari Yake. Tauni ni sababu ya kweli ya madhara. Ukanda wa kiatu si sababu ya chochote.

Basi mume wa mfano wetu afanye nini? Aseme Alhamdulillah, amnunulie mkewe ndara hapo hapo bandarini, wasome dua ya safari ambayo ndani yake tunamkabidhi Allah sisi na ahli zetu, kisha wapande meli wakawahi miadi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.