PRESHA KALI YA DAMU: KWA NINI DAKTARI HAFANYI PUPA

Tarehe 12 Aprili, 1945, Franklin D. Roosevelt, Rais wa Marekani, alishikwa na maumivu makali ya kichwa huko Warm Springs, katika jimbo la Georgia, akazimia. Daktari wake alipompima aliona presha ya damu imefika 300 juu na 190 chini. Damu ilikuwa imevuja ubongoni, naye akafa siku ile ile. Zamani zile dawa za kuteremsha presha zilikuwa haba. Leo zipo nyingi. Walakini kuzitumia kwa pupa nako kwaweza kuleta msiba.

Presha ni nguvu ya damu isukumapo kuta za mishipa. Ya juu ni ile ya wakati moyo ubanapo, na ya chini ni ile ya wakati ulegeapo. Ikizidi 180 juu, au 120 chini, huhesabiwa kuwa kali sana. Lakini hesabu peke yake haitoshi. Swali kubwa ni hili: je, ubongo, moyo, figo au macho yanaumia sasa hivi?

Mtu aliyelazwa kwa sababu ya mguu uliovunjika aweza kuonekana ana presha ya 190. Huenda ana maumivu au hofu, au kibofu kimejaa, au amekosa vidonge alivyozoea kumeza nyumbani. Mwuguzi humpumzisha, kisha humpima tena. Jamaa zake wasidhani kuwa amepuuzwa kwa kuwa hakupigwa sindano.

Sababu ni kwamba mishipa iliyoishi na presha miaka mingi huwa minene, nayo huzoea nguvu ile. Ikiteremshwa ghafula, damu haifiki ubongoni wala moyoni ya kutosha. Zamani wagonjwa wengi walipewa dawa ya nifedipini chini ya ulimi. Baadhi yao walipatwa na kiharusi au maradhi ya moyo, na katika miaka ya 1990 madaktari walionywa waiache desturi hiyo.

Dalili za hatari ya kweli ni hizi: kichwa kuuma sana pamoja na kuchanganyikiwa, macho kuingia giza, degedege, kifua kuuma, kukosa pumzi, au upande mmoja wa mwili kulegea. Mgonjwa huyo hutibiwa mara moja kwa dawa ipitayo mshipani, akiangaliwa daima. Hata yeye, kwa kawaida, presha haiteremshwi zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Wenye kiharusi na wajawazito wana kanuni zao. Mja mzito mwenye 160 juu au 110 chini yumo hatarini tayari.

Basi, aendaye hospitali achukue vidonge vyake na kumwonyesha daktari. Arudipo nyumbani asiviache kwa kujiona mzima, wala asimeze vya jirani.