Msuli wa Nyuma ya Mkono na Nguvu ya Kusukuma

Mtu asukumaye mkokoteni uliokwama mchangani, na mvuvi aiteremshaye ngalawa yake majini, wote wawili huhitimisha kazi yao kwa tendo moja, nalo ni kukinyosha kisugudi kilichokuwa kimekunjwa. Tendo hilo ni amana ya msuli uliolala nyuma ya mkono, baina ya bega na kisugudi, ambao watu wa mazoezi huuita trisepsi. Na ijapokuwa vijana wengi waingiao jimu huishughulikia zaidi tafu ya mbele, kwa kuwa ndiyo ionekanayo upesi katika kioo, sehemu kubwa ya unene wa mkono wa juu imo katika msuli huu wa nyuma.

Trisepsi ina vichwa vitatu. Viwili vimeshika katika mfupa wa mkono wa juu. Cha tatu, ambacho ni kirefu kuliko vyote, hukivuka kiungo cha bega na kushika katika kombe la bega. Vyote vitatu hukutana katika kano moja iliyoshika ncha ya kisugudi, na kano hiyo ivutwapo, mkono hunyoka. Khitilafu hii ya mashina, japo yaonekana ndogo, ndiyo asili ya mengi yatakayofuata.

Katika zoezi la kulala chali juu ya benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani, kazi hugawanywa baina ya misuli ya kifua, misuli ya mbele ya bega, na trisepsi. Na mgawo huo aghalabu hutegemea mahali mikono ishikapo chuma. Ashikaye kwa upana mkubwa hukunja kisugudi kidogo tu, na kifua hubeba sehemu iliyo kubwa. Chuma nacho husafiri masafa mafupi, na ndiyo sababu washindani wa pawalifutingi hupenda kuitanua mikono, hata shirikisho lao la kimataifa, IPF, limeweka mpaka wa sentimita 81 baina ya vidole vya shahada.

Basi atakaye kuipa trisepsi fungu kubwa zaidi na aikaribishe mikono, kwa kadiri ya upana wa mabega au pungufu kidogo. Visugudi viteremke karibu na mbavu pasipo kubanwa, chuma kiguse sehemu ya chini ya kifua, na vigasha visimame wima chini yake. Wako wanaodhani kwamba mikono ikigusana kabisa faida itazidi; lakini hapo vifundo vya mikono hupindwa upande, chuma huyumba, na maumivu huja kabla ya nguvu. Tena uzito sharti upunguzwe, maana kifua hakisaidii tena kama kilivyozoea.

Jambo la pili ni kumaliza. Chuma kikaribiapo juu, kazi ya kifua huwa imepungua, na kunyosha kisugudi ndiko kulikobaki. Kwa hiyo mwenye kukatiza njiani huinyima trisepsi ile sehemu iliyo haki yake hasa. Kwa hikima hiyo wanyanyuaji wengine hulala sakafuni badala ya benchi, ili mkono wa juu uguse sakafu na kuzuiwa usishuke mpaka pale kifua kinapovutwa sana; na wengine huweka mbao juu ya kifua, chuma kiishie hapo, kwa makusudi yale yale.

Asiye na vyuma naye hakukosa njia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse, kule Marekani, walipima mazoezi kadhaa ya trisepsi kwa niaba ya baraza la mazoezi la nchi hiyo, na lililoongoza lilikuwa pushapu ya mikono iliyokaribiana, vidole vya shahada na vidole gumba vikigusana na kufanya umbo la pembetatu. Zoezi la kujishusha na kujiinua baina ya vyuma viwili sambamba nalo ni jema, maadamu kiwiliwili kimesimama wima. Kikiinama mbele, kazi hurejea kifuani.

Hata hivyo, insafu yatulazimu kusema kwamba kusukuma peke yake hakutoshi. Kile kichwa kirefu kilichoshika katika kombe la bega hufanya pia kazi ya kuurudisha mkono nyuma, ilhali katika kusukuma mkono waenda mbele. Kwa hiyo mwili hukitumia kwa uchache. Dawa yake ni zoezi moja la kunyosha visugudi huku mikono imeinuliwa juu ya kichwa, mahali ambapo kichwa hicho huvutwa kikawa kirefu. Utafiti wa Japani uliotangazwa mwaka 2022 uliwafunza watu kwa wiki 12, mkono mmoja ukifanya kazi juu ya kichwa na wa pili ukiwa chini ubavuni. Kichwa kirefu kilikua kwa asilimia 28.5 katika ule wa kwanza, na 19.6 katika ule wa pili, na vile vichwa viwili vingine pia vilikua zaidi katika mkono ulioinuliwa.

Pamoja na hayo yote, kano haipati nguvu kwa haraka ya msuli, na wengi wameharibikiwa na visugudi kwa kuongeza uzito kila wiki. Kidole gumba kikizunguke chuma daima, na awepo mwenzako wa kukipokea kikikushinda. Zoezi la kifua litangulie, kwani trisepsi ikichoka mwanzo kifua hakitapata kazi yake kamili. Mwenye kushika haya, akasukuma kwa mikono ya karibu na kulifuatisha zoezi la juu ya kichwa, mara mbili kwa wiki, na kuongeza mzigo kidogo kidogo, ameupa msuli huu haki yake. Nao utamlipa si jimuni tu, bali hata uzeeni, atakapohitaji kujisukuma kwa mikono ili ainuke kitini pasipo kuomba msaada wa mtu.