Mastiti: rangi inayosaidia kuchagua dawa

Wandugu wafugaji, katika koperative za maziwa swali hili linarudi mara mingi: «Juu gani penisilini iliponyesha ngombe wa jirani, lakini wangu kiwele chake kinaendelea kuvimba?» Kiwele chenye moto, kilichovimba, kinachotoa maziwa yenye mabonge, hiyo ni mastiti. Ila mikrobe zinazoileta si za namna moja.

Labo inazitenganisha kwa rangi. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1884 na daktari Hans Christian Gram, mutu wa Denmark. Mikrobe zinapakwa juu ya kioo, zinakaushwa na moto kidogo. Wanamwanga rangi ya violeti, kisha iode, wanaosha na alkoli, mwisho wanaweka rangi ya roze. Mikrobe yenye ukuta mnene inashika violeti: inaitwa Gram pozitifu. Ile yenye ukuta mwembamba, uliofunikwa na ngozi ya mafuta, alkoli inaiondolea violeti, inabaki roze: hiyo ni Gram negatifu.

Faida ni gani kwetu? Ngozi ile ya mafuta inazuia pia penisilini kuingia.

- Streptokoki: violeti, zinafuatana kama shanga. Kwa kawaida penisilini inaziua.
- Stafilokoki: violeti, zimesongamana kama kichala. Zingine zinavunja penisilini. Labo ijaribu dawa kwanza.
- Kolibasili: vijiti vya roze, vinatoka katika kinyesi cha zizi. Hapa kununua penisilini ni kutupa pesa.

Kwa hiyo, mbele ya kupiga sindano yoyote:

1. Osha kiwele, kausha, pangusa ncha ya chuchu na alkoli.
2. Mwanga maziwa ya kwanza pembeni.
3. Kamulia kidogo ndani ya chupa safi ya labo, funga, andika jina la ngombe na chuchu.
4. Weka kwenye baridi, fikisha labo siku ile ile.

Kama ngombe amelala chini, hali majani, usingojee labo: chukua maziwa ya kupima, ita veterineri mara moja.

Na maziwa ya ngombe aliyetibiwa, usiyachanganye na ya wengine mpaka siku zilizoandikwa juu ya dawa zipite. Antibiotiki inaua ferma ya fromaji, na bidoni moja inaweza kuharibu kazi ya koperative nzima.