Jina Lisilo Katika Orodha: Mwajiri Mdogo na Mchango wa Fidia kwa Wafanyakazi

Kila mwaka tarehe 1 Mei, Mama Kanisa anapoadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, iliyowekwa na Papa Pio XII mwaka 1955, parokia zetu huwaombea wafanyakazi na waajiri wao. Ni sala njema. Lakini ipo karatasi moja ambayo waajiri wengi wa mwambao wetu, kutoka Kibirizi na Katonga hadi Ujiji, na kutoka Mwandiga hadi Uvinza, huijaza kila mwezi, au huacha kuijaza, na ambayo mara nyingi hueleza ukweli wa uhusiano wao na wafanyakazi kuliko sala yoyote ya siku moja. Nayo ni orodha ya wafanyakazi na mishahara yao inayopelekwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana kwa kifupi kama WCF.

Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu udanganyifu unaofanyika katika orodha hiyo ni wa kimyakimya, hauna kelele ya wizi wa kuvunja mlango, na wengi wanaoufanya hawauhesabu kuwa ni dhambi wala kuwa ni kosa la jinai. Huuita "kubana matumizi."

Tuanze na asili yake. Ujerumani ndiyo iliyotangulia, mwaka 1884, kuwa na sheria ya taifa ya bima ya ajali kazini iliyowachangisha waajiri, ili aliyeumia asilazimike kwanza kuthibitisha mahakamani kwamba bwana wake alikuwa na kosa. Kwetu, kwa miaka mingi, ilitumika sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ambayo kiwango chake cha juu cha fidia kwa ulemavu wa kudumu hakikuvuka shilingi 108,000. Thamani ya fedha ilishuka, gharama za maisha zikapanda, kiwango kikabaki palepale. Ndipo Bunge likatunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, na Mfuko wenyewe ukaanza kukusanya michango Julai 2015. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2016, ukaanza kulipa mafao.

Utaratibu wake ni rahisi kueleweka. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, mkubwa kwa mdogo, anapaswa kujisajili na kuchangia kila mwezi sehemu ya jumla ya mishahara anayolipa. Mwanzoni sekta binafsi ilichangia asilimia 1. Mwaka 2021 kiwango kikashushwa kuwa asilimia 0.6, na mwaka 2022 kikawa asilimia 0.5, sawa na cha sekta ya umma. Mchango huu ni wa mwajiri peke yake. Mwajiri anayekata hata shilingi moja katika mshahara wa kibarua wake na kusema "hii ni ya WCF" anamwibia mtu huyo waziwazi, na tunaomba wasomaji wetu walishike neno hili.

Mfanyakazi anapoumia kazini, au anapopata ugonjwa uliotokana na kazi, Mfuko hugharamia matibabu yake. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu hulipwa kadiri ya kiwango cha ulemavu huo. Zipo pia huduma za utengamao, malipo kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi, na pensheni kwa wategemezi wa marehemu.

Msomaji atazame neno moja katika hayo yote: kipato. Karibu kila fao la fedha hupimwa kwa kipato cha mfanyakazi, na katika maisha ya kila siku kinachosemwa kuwa kipato ni kile mwajiri alichokiandika. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo letu.

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha kukamua mawese chenye watu wanane, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Jumla ya mishahara ni shilingi 2,400,000, na mchango wa haki ni shilingi 12,000. Mwenye kiwanda anaandika watu watatu tu, tena kwa shilingi 200,000 kila mmoja. Mchango unakuwa shilingi 3,000. Amebakiza shilingi 9,000 kwa mwezi, yaani 108,000 kwa mwaka mzima. Sasa mmoja kati ya wale watatu walioandikwa ananaswa mkono na mkanda wa mashine, akae nyumbani miezi 24. Kwa mshahara wake wa kweli angestahili shilingi 210,000 kila mwezi. Kwa ule ulioandikwa ni 140,000. Pengo ni shilingi 70,000 kwa mwezi, na kwa muda wote huo shilingi 1,680,000. Mtu mmoja aliyeumia amelipa, kutoka mfukoni mwa familia yake, zaidi ya mara kumi na tano ya kile ambacho bwana wake alikibakiza kwa mwaka. Na huyo ndiye mwenye bahati, kwa kuwa jina lake limo. Wale watano wasiotajwa wataanza safari yao kwa kuthibitisha kwamba waliwahi kufanya kazi mahali pale.

Hapa mtu mwenye akili atauliza: ni nani anayehatarisha jina lake kwa shilingi 9,000? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloeleza udanganyifu wenyewe. Mwajiri hafichi watu kwa kuuogopa Mfuko wa Fidia. Anaogopa kwamba orodha moja italinganishwa na nyingine. Mtu akiandikwa WCF, NSSF watauliza habari zake, na huko mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo kwa kawaida nusu yake hutoka kwa mwajiri. Katika kiwanda chetu cha mfano, kuficha kule kunamwondolea mwenye kiwanda shilingi 180,000 kwa mwezi za upande wake. Kisha ipo Mamlaka ya Mapato: mshahara unaozidi shilingi 270,000 huanza kukatwa kodi ya mapato, na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi huingia katika tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Ndiyo maana si ajabu kukuta biashara yenye watu kumi na wawili waliosimama mbele ya macho yako, lakini katika karatasi wapo tisa, na wote kwa maajabu wanalipwa chini ya 270,000. Mchango wa fidia, ulio mdogo kuliko yote, unatolewa sadaka ili uongo mkubwa zaidi usigunduliwe.

Nchini Marekani, ambako bima hii kwa sehemu kubwa huuzwa na makampuni na bei hutofautiana kadiri ya hatari ya kazi, wadanganyifu huwaandika mafundi wa kuezeka mapaa kana kwamba ni makarani wa ofisini, au huifunga kampuni yenye historia ya ajali na kuifungua tena kwa jina jipya. Kwetu hila ya kwanza haina faida, maana mwajiri binafsi hulipa kiwango kimoja, awe na duka la vitambaa au karakana ya kuchomelea vyuma. Kwa hiyo kwetu vinavyofichwa ni viwili tu: vichwa na shilingi.

Vichwa hufichwa zaidi kwa neno "kibarua." Utasikia mwenye gereji au mwenye nyumba ya kulala wageni akisema: "Hawa si waajiriwa wangu, ni vibarua tu, wanakuja na kuondoka." Lakini wanakuja na kuondoka kwa miaka minne sasa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, ililiona jambo hili mapema. Inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa imetimia hata dalili moja kati ya kadhaa: kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, kwamba anapewa vifaa vya kazi na huyo mwingine, kwamba anamtegemea huyo kwa kipato, au kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni chache mno. Mpishi wa mgahawa karibu na stesheni huzimaliza kabla ya juma moja kwisha.

Jambo gumu zaidi liko ziwani. Wavuvi wa dagaa wanaotoka jioni na taa zao hawana mshahara wa mwezi. Wanaishi kwa mgawo. Yanatolewa mafuta na gharama, mwenye chombo na nyavu anachukua fungu lake, na kinachobaki wanagawana waliokesha majini. Tajiri wa mitumbwi husema kwa moyo mweupe kabisa kwamba hao ni wabia wake. Huenda. Lakini tumpime kwa dalili zilezile: chombo ni cha nani, nyavu na taa ni za nani, ni nani anayeamua watoke usiku upi na dagaa wauzwe kwa nani? Na dhoruba ikigeuza chombo upande wa Ilagala au Sunuka, mjane wa mbia anapata fungu gani la mtumbwi? Tunavyoona sisi, ubia unaoonekana siku ya mavuno na kutoweka siku ya msiba hauna haki ya kuitwa ubia.

Katika hayo yote, Kanisa lina la kusema, kwa kuwa Mafundisho Jamii yake yamelitaja jambo hili kwa jina. Papa Leo XIII, katika Waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alitetea haki za mfanyakazi katika mapatano ambayo mnyonge huyakubali kwa kulazimishwa na njaa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliyahesabu matibabu ya aliyeumia kazini kuwa miongoni mwa mambo anayostahili mfanyakazi pamoja na ujira wake. Maana yake ni nzito: kinga ya ajali si hisani ya bosi mwenye huruma, ni sehemu ya stahili ya mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza amri ya saba, inaweka ujira usio wa haki, ukwepaji wa kodi na kughushi hati katika kundi moja na wizi (namba 2409), na inadai kilichochukuliwa kirudishwe (2412). Zakayo hakuishia kusema amesikitika.

Tungekosa uaminifu tukiyasema haya kwa wenye viwanda na mitumbwi pekee. Parokia ni mwajiri. Shule, zahanati, hosteli na nyumba za watawa ni waajiri. Yupo mlinzi wa usiku, yupo mpishi, yupo fundi anayepanda juu ya paa la kanisa kila masika. Neno "kujitolea" limetumika katika taasisi zetu kama vile "kibarua" lilivyotumika sokoni, na pengine mtu "amejitolea" kwa posho ileile ya kila mwezi kwa miaka kumi. Kamati za fedha za parokia zianze na orodha zao zenyewe kabla ya kuwaalika waajiri wengine katika semina.

Kwa mwajiri anayetaka kurekebisha, njia si ya kutisha kama anavyoidhani. Atakaa na daftari lake halisi la malipo, ataandika kila mtu aliyefanya kazi na alichopokea kweli, kisha atakwenda mwenyewe kwa Mfuko au kumwona Afisa Kazi wa mkoa ili kusahihisha taarifa na kupanga namna ya kulipa malimbikizo. Kujipeleka mapema ni tofauti sana na kukutwa baada ya ajali, wakati ambapo sheria inafungua mlango wa faini, kifungo, au vyote viwili. Mwenye biashara ndogo asikubali pia kumwachia "mtu wa makaratasi" ajaze kiasi atakacho. Sahihi iliyo chini ni ya mwajiri.

Kwa mfanyakazi: uliza kama jina lako limepelekwa, na kwa mshahara gani. Ukiogopa kuuliza peke yako, ulizeni wawili au watatu. Tunza hati ya mshahara. Na kama hupewi, tunza ujumbe wa simu unaoonyesha fedha zilivyoingia, tarehe ulizofanya kazi, na majina ya wenzako wa zamu. Ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyohiyo mbele ya shahidi, na hospitalini mweleze tabibu kwamba umeumia kazini, ili aandike hivyo kwenye faili lako. Wengi huambiwa wakiwa njiani kwenda kutibiwa: "Sema umeanguka nyumbani, matibabu nitalipa mimi." Siku ya kwanza hulipwa kweli. Kidonda kikifika mwezi wa tatu simu haipokelewi tena, na kwenye faili bado imeandikwa kwamba uliangukia nyumbani.