Maandishi ya Njia ya Misafara: Mali Ghafi ya Tabora Inayosindikwa Ng'ambo

Tabora inajulikana sokoni kwa tumbaku, asali na mbao. Ipo bidhaa nyingine ya mkoa huo isiyopimwa kwa kilo wala kutajwa katika orodha ya bei, nayo ni maandishi. Barua, shajara na masimulizi ya safari yaliyoandikwa Tabora, au kuhusu Tabora, yalipita njia ile ile iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa hadi Bagamoyo, kisha yakavuka bahari. Siku hizi yanarudi kwa njia ya kompyuta yakiwa yameshasindikwa. Kazi ya kuyasindika, pamoja na ujira wake, imebaki huko huko ng'ambo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa David Livingstone. Mwaka 1872 msafiri huyo alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tangu Februari hadi tarehe 25 Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Stanley, aliyeondoka mwezi Machi, alibeba shajara yake kubwa kwenda nayo Uingereza. Hadi leo wataalamu huiita Shajara ya Unyanyembe. Jina ni la Tabora, lakini karatasi zenyewe ziko Uskochi.

Mradi uitwao Livingstone Online ulianzishwa mwaka 2004 ili kuyaweka maandishi ya msafiri huyo kwenye mtandao. Kazi yake iliyovuma ni ya shajara ya mwaka 1871. Livingstone alikuwa Manyema, karatasi zimemwishia na wino pia. Akaandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya huko. Wino huo ulififia kiasi cha kutosomeka. Wataalamu walipiga picha kila ukurasa mara nyingi kwa mwanga wa rangi tofauti, pamoja na ule usioonekana kwa macho, kisha kompyuta ikatenganisha wino wa mkono na wino wa mtambo. Matokeo yalitolewa bure mwaka 2011. Yalionyesha kwamba habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, hazikuwa sawa kabisa na zile za kitabu kilichochapishwa London mwaka 1874 baada ya mhariri kuzipitia. Kwa watu wa ukanda huu, ambao baadhi yao wana asili ya Manyema, hilo si jambo dogo.

Gharama zilibebwa na mfuko wa serikali ya Marekani unaosaidia taaluma za utu, pamoja na British Academy ya Uingereza. Hapakuwa na mfanyabiashara aliyetarajia faida.

Ni vyema msomaji akaelewa fedha inakwenda wapi katika kazi ya aina hii. Wengi hudhani mzigo mkubwa ni mashine ya kupigia picha. Kwa hati ya kawaida, ambayo wino wake haujafifia, sivyo. Picha ni kazi ya siku chache. Gharama huanza pale picha inapotakiwa kugeuzwa maneno ambayo kompyuta inaweza kuyatafuta. Mtu mwenye kuijua hati hukaa akasoma mstari kwa mstari na kunakili. Mwingine humkagua. Kisha maneno huwekewa alama: hili ni jina la mtu, hili la mahali, hii ni tarehe, hapa mwandishi alifuta. Alama hizo, ambazo duniani kote hufuata utaratibu uitwao TEI, ndizo zinazofanya jukwaa liwe shirikishi badala ya kuwa kabati la picha. Msomaji akibonyeza jina la mahali, anaona kila mwandishi aliyewahi kulitaja na alisema nini.

Hapo ndipo Tabora inapokuwa na mtaji usiopatikana London wala Berlin. Burton na Speke walifika mjini hapo Novemba 1857, na Burton akapaita Kazeh. Livingstone alipendelea kuandika Unyanyembe. Wajerumani wakapaita Tabora. Kompyuta isiyofundishwa itadhani ni miji mitatu. Watu nao ni hivyo hivyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi ndiye Tippu Tip, ambaye Livingstone alimwandika Tipo Tipo. Baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora na alimwoa binti wa Mtemi Fundikira, Karunde. Mwenye kuzijua koo za Unyanyembe anaweza kuunganisha majina hayo kwa asubuhi moja. Asiyezijua atatumia mwezi mzima, na huenda akakosea.

Mambo hayo yanadhihirika zaidi katika maandishi ya Kiswahili chenyewe. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa herufi za Kiarabu, kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyageuza kwa herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwaka 1901 Carl Velten alikuwa ameshachapisha Safari za Wasuaheli, ndani yake mna simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande aliyetoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Hizi ni hesabu za msafara zilizotolewa na wenyewe: hongo kwa watemi, vitambaa vya merikani na kaniki, njaa, vita, na watu waliouzwa. Lakini tahajia ni ya Kijerumani. Anayetafuta jina la Chande kwa tahajia ya leo hatalipata, kwa sababu kitabuni linaanza kwa herufi T. Lazima pawepo mtu wa kuiambia kompyuta kwamba haya mawili ni kitu kimoja, tena katika kila ukurasa.

Upande wa haki, hali ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Tippu Tip alifariki mwaka 1905, kwa hiyo maneno yake hayana tena mwenye kuyadai. Tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1950, ni habari nyingine: mtafsiri alifariki mwaka 1972, na Uingereza hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo. Taasisi zenye hati za asili nazo mara nyingi hutoza ada kwa picha, hata pale ambapo maneno yenyewe ni ya wote. Mwenye kupanga bajeti asichanganye mambo haya mawili.

Je, biashara ipo? Huko Marekani, Arte Público Press ya Chuo Kikuu cha Houston ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kukusanya maandishi ya Walatino yaliyokuwa yakipotea, mengi yao magazeti ya Kihispania. Baadaye sehemu ya mkusanyo huo iliuzwa kwa maktaba kupitia kampuni ya EBSCO. Mapato yapo, lakini mlipaji ni maktaba ya chuo kikuu, si msomaji wa kawaida. Maktaba za Tanzania haziko katika nafasi hiyo. Kwa hiyo wa kuuziwa ni vyuo vya nje, na wa kusoma bure wawe ni wa ndani. Mpango wa kinyume chake, ambao ndio uliozoeleka, humfanya mwanafunzi wa Tabora alipie habari za babu yake.

Watu wa kazi wapo. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Tabora, ambako hufundishwa uhazili na utunzaji wa kumbukumbu. Wenye kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu bado wapo katika familia za zamani, ingawa idadi yao haiongezeki. Mawasiliano si kikwazo tena kama zamani, tangu nyaya za baharini zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009. Aidha, njia yenyewe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iko tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Mgeni afikaye Kwihara huonyeshwa nyumba. Kilichoandikwa ndani ya nyumba hiyo lazima akakitafute Uskochi, au kwenye mtandao kwa Kiingereza.

Kwa anayetaka kuanza, vitabu vya Velten na Brode ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote: vimechapwa tayari, havihitaji picha za mwanga wa ajabu, na kazi yake kubwa ni kusahihisha tahajia na kuweka alama. Gharama isiyokwisha ni ya kompyuta inayohifadhi kazi hiyo, ambayo hulipiwa kila mwaka, na mshahara wa mhariri mmoja wa kupitia masahihisho yanayotumwa na wasomaji. Mfadhili wa nje hulipia miaka michache tu. Mwaka unaofuata ndio wa kuandikiwa bajeti kwanza.